Bunduki ya mafunzo ikikwama, anza na magazini

Wiki yangu ya kwanza ya shabaha nilipewa bunduki ya familia ya M16 ambayo rangi yake ilikuwa imebanduka kwenye kona zote, na kitako chake kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Ilifyatua risasi mbili vizuri, ya tatu ikakwama. Nikaikoki upya, ikafyatua mbili nyingine, ikakwama tena. Mkufunzi aliyekuwa nyuma yangu alisema kwamba siitunzi silaha yangu, akaniandika miongoni mwa wazembe wa usafi, na jioni ile niliisugua bunduki hiyo hadi vidole vikawa vyeusi tii. Kesho yake ikakwama vilevile. Miaka kadhaa baadaye nilipangiwa kumsaidia fundi wa silaha ghalani, na huko ndiko nilikoelewa kilichonipata: nilikuwa nimepewa magazini mbovu, yaani kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa chini ya bunduki, na kila siku nilikuwa nikirudishiwa ileile kwa sababu ilikuwa na namba moja na bunduki yangu.

Silaha za mafunzo huzeeka kwa namna yake. Bunduki ya askari aliye kwenye kikosi ina mwenyewe, lakini ya mafunzo hupita mikononi mwa kuruta mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiijifunza kwa kuiangusha, kuifungua vibaya na kuilazimisha pale ambapo haikutakiwa kulazimishwa. Magazini ndiyo huumia kuliko sehemu zote, kwa sababu ni bati jepesi la alumini linalodondoshwa likiwa limejaa, likakanyagwa, kisha likapigwapigwa kwenye kofia ya chuma ili risasi zikae sawa. Ile midomo miwili ya juu inayozishika risasi ikipanuka hata kidogo tu, risasi huinuka kwa pembe isiyofaa na kugonga ukingo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, au mbili huchomoka kwa pamoja na kubanana mbele ya bolti, kile chuma kinachozisukuma humo. Springi yake ikilegea, risasi huchelewa kupanda, bolti hupita juu yake, na mpiga shabaha husikia mlio mkavu wa nyundo ikigonga chemba tupu.

Kwa hiyo, ukiwa mkufunzi au kuruta, usianze na kitambaa na mafuta. Anza na kalamu. Kila magazini iandikwe namba yake kwa rangi isiyofutika, namba isiyohusiana na ya bunduki, na kila inapotokea kukwama ziandikwe namba zote mbili, risasi ilikuwa ya ngapi, na kitu gani kilionekana pale dirisha la kutolea maganda lilipotazamwa. Baada ya siku mbili za shabaha daftari hilo lina majibu ambayo hakuna karipio litakaloyatoa. Tatizo likiifuata magazini kwenye bunduki nyingine, magazini ndiyo mgonjwa. Likibaki na bunduki ileile hata baada ya kubadilishiwa magazini tatu, bunduki ipelekwe kwa fundi. Likitawanyika kwenye bunduki nyingi siku lilipofunguliwa sanduku jipya, zitazameni risasi.

Jambo la risasi hudharauliwa sana kwenye mafunzo. Risasi moja inaweza kuingizwa chemba na kutolewa mara nyingi katika mazoezi ya kujaza na kutoa, na kila mara ukingo wa kitako chake hutafunwa kidogo, na kichwa chake kinaweza kusukumwa ndani ya ganda. Risasi ya namna hiyo itengwe na isirudishwe kwenye magazini. Risasi baridi, zile za mlio tu, nazo zina adha yake: kwa kuwa hazina kichwa cha kuzuia gesi, bunduki haiwezi kujikoki bila kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu, na kifaa hicho kikilegea nusu mzunguko tu, gesi huvuja na kila mlio hufuatwa na kukoki kwa mkono. Masizi yake pia ni mengi kuliko ya risasi za moto. Nimewahi kuona kundi zima likilaumiwa kwa bunduki “zilizochoka” kumbe hakuna aliyekikaza kifaa hicho tangu asubuhi. (Na sitachoka kulirudia hili: zoezi la risasi baridi likianza, hakuna risasi ya moto hata moja inayopaswa kuwa mfukoni mwa mtu yeyote.)

Ndani ya bunduki yenyewe, sehemu zinazochakaa kwanza ni chache na zinajulikana. Ndoano inayovuta ganda kutoka chemba hulika ncha, au springi yake ndogo huchoka, na hapo ganda tupu hubaki ndani huku risasi mpya ikilisukuma kwa nyuma. Kwenye familia ya M16 kuna pete tatu za gesi zinazouzunguka mkia wa bolti, na fundi aliyenifundisha alizipima kwa namna rahisi: aliivuta bolti itokeze nje ya kibebeo chake, akausimamisha mkusanyiko wote mezani ukiegemea uso wa bolti, akauacha. Kibebeo kikibaki kimesimama, pete zina nguvu. Kikishuka chenyewe taratibu kwa uzito wake, zibadilishwe. Mtutu nao hujieleza kwenye karatasi ya shabaha. Ukiona tundu refu kama la ufunguo badala ya duara, ujue risasi imefika ikiwa imelala ubavu, na hakuna marekebisho ya vilengeo yatakayouponya mtutu huo.

Hapa niseme jambo ambalo wakufunzi wenzangu hawapendi kulisikia. Sehemu kubwa ya uchakavu huu tunaisababisha sisi kwa ukaguzi wa kujionyesha. Kuruta anayetishiwa adhabu kwa chembe moja ya masizi atausugua mtutu kwa ufito wa chuma hadi mdomo wake upoteze umbo, ataibandua rangi inayokinga kutu, na mwisho atayafuta mafuta yote ili kitambaa cheupe cha afande kitoke kikiwa cheupe. Bunduki hiyo husifiwa jioni na kukwama asubuhi, kwa kuwa chuma kinakwenda juu ya chuma kikavu. Mbaya zaidi, wanapokaa kumi kwenye turubai moja kusafisha, bolti huchanganyika. Kila bolti imepimwa na chemba yake, na kuzibadilisha bila kipimo cha fundi kunaweza kuharibu ule mwanya unaoiweka risasi mahali pake salama. Kila mmoja afungue ya kwake juu ya kitambaa chake, akaifunge kabla hajainuka.

Majeshi makubwa yamewahi kulipia kosa la kumlaumu mtu kwanza. Askari wa Marekani walipolalamika kwamba M16 zinakwama Vietnam, usafi ulitajwa sana, na kweli vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Lakini uchunguzi wa kamati ya Bunge lao mwaka 1967 ulionyesha pia kwamba kubadilishwa kwa aina ya baruti kulikuwa kumechangia. Chemba zikaanza kupakwa kromu. Uingereza nayo, ilipoifanyia bunduki ya jeshi lake, SA80, marekebisho mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibadilisha vitu ambavyo fundi yeyote wa ghala angevitaja: magazini, springi, ndoano ya ganda.

Kuna kukwama kumoja kusikohitaji daftari. Ukifyatua risasi ya moto ukasikia mlio hafifu, “puf” badala ya kishindo, simama hapo hapo, mtutu ukiwa umeelekea shabaha, na uite mkufunzi. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na ukikoki na kufyatua tena unaweza kuupasua. Usikubali kuharakishwa na mtu yeyote.

Pia usitengeneze mwenyewe. Nimeona midomo ya magazini iliyokunjwa kwa koleo, na springi zilizovutwa kwa mikono ili “zipate nguvu”, ambazo baada ya siku chache zilikuwa zimelegea kuliko mwanzo. Magazini iliyothibitika kuwa mbovu isitupwe tena kwenye sanduku la pamoja, kwa maana itarudi kwa mwingine wiki ijayo. Yule fundi wangu alikuwa akizilaza juu ya fuawe na kuzibonda kwa nyundo mbele ya aliyezileta, kisha ndipo anamtilia saini.