Kuhusu sindano ya kiwiko kwa mbangua korosho
Ndugu, umeuliza kama mama yako, anayebangua korosho hapo Newala, achomwe sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu) kwenye kiwiko kinachomuuma upande wa nje. Mimi nisingeiharakia: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa 165, ulionyesha kwamba baada ya nafuu ya awali maumivu yaliwarudia asilimia 54 ya waliochomwa steroidi ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 12 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Mazoezi ni bora: alaze mkono mezani, kiganja kikiwa nje ya ukingo na kikitazama chini, ashike chupa ya maji ya nusu lita, aiteremshe polepole, kisha airudishe kwa msaada wa mkono mwingine. Kubangua nako apunguze, ingawa najua malipo ni kwa kilo.