Anayenyamaza Mkutanoni na Anayefoka Kazini: Majibu kwa Maswali Yenu

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Kakamega, Mumias, Bungoma, Naivasha na hapa Nakuru mjini ninapoishi. Karibu zote zinauliza jambo moja: mtu ninayefanya kazi naye ana hulka yake, nami nina yangu, tutapatanaje? Nimechukua sita. Mbili nimezijibu kwa urefu kwa sababu zimenigusa.

Chama kinachoendeshwa na wawili

*Dada, mimi ni katibu wa chama cha akina mama wa soko la Kibuye, Kisumu. Tuko ishirini na wawili. Kila mkutano wanaongea wawili tu, sisi wengine tunaitikia. Tukishatoka, malalamiko yanaanza njiani na kuendelea usiku kwenye WhatsApp: hatukukubali, tumeburutwa. Mwenyekiti anasema wanaonyamaza ni wanafiki. Nifanyeje?*

Mama katibu, si wanafiki. Kimya cha mkutanoni kina sababu nyingi, na mwenyekiti wenu ameshika iliyo mbaya kuliko zote akawabandika wote.

Sababu moja ni hulka. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alieleza tofauti ya mtu ambaye moyo wake unaelekea nje, kwa watu na shughuli, na yule anayeelekea ndani, kwenye fikira zake. Wataalamu waliokuja baadaye wamemkosoa kwa mengi, na siku hizi wanakubali kwamba wengi wetu tuko katikati, ila tofauti yenyewe imebaki, na ukiketi katika mkutano wowote utaiona. Kuna mama anayefikiri kwa kusema. Anaanza maneno bila kujua yataishia wapi, na kule kusema ndiko kunakomfikisha. Kuna mwingine anayefikiri kwanza. Huyu akishapata la kusema, ajenda imepita na mnahesabu pesa za mzunguko. Njiani kuelekea nyumbani ndipo maneno yake yanapoiva, basi anamwambia aliye karibu naye. Mwenyekiti anasikia kwamba amesengenywa.

Sababu ya pili haihusiani na hulka hata kidogo. Katika vyama vyetu mama mkwe na mke wa mwanawe huketi benchi moja. Ni nani atakayempinga mkwewe mbele ya watu ishirini? Mwingine ameomba mkopo, anangoja jina lake lisomwe. Mwingine ana deni kwa mmoja wa hao wanaozungumza. Kabla hujamwita mtu mkimya, jua kwanza anadaiwa na nani.

Fanya hivi. Tuma ajenda siku mbili kabla ya mkutano, kwa sauti kama wapo wasiosoma vizuri. Wekeni kanuni kwamba jambo la pesa likitajwa leo, linaamuliwa mkutano ujao. Kila uamuzi mkubwa uzunguke duara lote, uanzie kwa waliojiunga juzi na kuishia kwa mwenyekiti, kwa sababu akitangulia yeye, wengine watamfuata tu. Na yale mazito, kama kiwango cha riba au nani aondolewe, pigeni kura kwa maharagwe na mahindi ndani ya mkebe uliofunikwa. Harage ni ndiyo, mahindi ni hapana. Mkwe hatajua mkono wa nani ulitia nini.

Wale wawili msiwaaibishe. Pengine bila midomo yao chama kisingefika hapo kilipo. Wapeni kazi ya kueleza pendekezo mwanzoni, halafu wanyamaze hadi duara limalizike. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa chama huwa Desemba, siku ya kugawana.

Herufi nne zimenitoa kaunta

*Nafanya kazi katika kampuni moja hapa Nakuru. Tulijazishwa maswali, kila mmoja akapewa herufi nne za hulka yake. Sasa meneja amenitoa kwenye kaunta ya wateja na kunipeleka stoo, eti herufi zangu zinaonyesha mimi si mtu wa watu. Nimehudumia wateja miaka minne bila lalamiko. Karatasi inanijua kuliko ninavyojijua?*

Haikujui, ndugu yangu, na barua yako nimeisoma mara mbili kwa uchungu.

Kipimo hicho kilitungwa na mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers wa Marekani. Hawakusomea saikolojia. Walisoma fikra za Jung, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Isabel akaanza kutunga maswali ya kuwasaidia watu kupata kazi zinazowafaa. Nia ilikuwa njema. Lakini hata wanaokisimamia kipimo hicho leo wanasema wazi kwamba si haki kukitumia kuajiri watu au kuwagawia kazi. Meneja wako amefanya jambo ambalo wenye kipimo wenyewe wanalikataza.

Udhaifu wake ni huu: kinakata watu vipande viwili. Hebu chora mstari ukutani, useme walio juu yake ni warefu na walio chini ni wafupi. Wawili waliopishana kwa upana wa ukucha wataitwa mrefu na mfupi. Ndivyo ilivyo kwa uchangamfu. Wengi wako karibu na katikati, na wakijaza tena baada ya wiki chache herufi moja au mbili hugeuka. Mimi mwenyewe nimejaza mara mbili katika kazi mbili tofauti, nikatoka watu wawili.

Sasa utauliza, mbona wenzako wote walishangilia wakisema karatasi imewapatia? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Mmarekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha hulka. Baadaye akamrudishia kila mmoja maelezo yake, akawaomba wayapatie alama kuanzia 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyo ya kweli. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafunulia kwamba wote walipewa karatasi ile ile, na maneno mengi aliyatoa katika kitabu cha nyota cha mtaani. Yalikuwa maneno ya kumfaa kila binadamu: kwamba una vipawa ambavyo hujavitumia, kwamba wakati mwingine unajilaumu kupita kiasi. Nani atakataa?

Usimwendee meneja na hadithi ya Forer, ataona unamfundisha kazi. Mwombe dakika kumi, faraghani. Mwambie una miaka minne kaunta, na uende na ushahidi: wateja wanaokuuliza kwa jina, siku ulizofunga hesabu bila upungufu. Kisha mwombe asimame karibu na kaunta asubuhi moja akuone ukihudumia. Mtu mkimya huweza kuwa mhudumu bora sana, kwa kuwa anasikiliza shida ya mteja hadi mwisho. Na kama kweli ukitoka kaunta jioni huwa umechoka hutaki kuongea na yeyote, hilo nalo mwambie. Huenda mkapatana uwe kaunta nusu siku. Mazungumzo kama hayo ndiyo ambayo karatasi ile ingepaswa kuyaanzisha.

Mshirika mwenye pupa

*Mimi na mwenzangu tuna karakana ya fanicha Kakamega. Yeye akipokea oda anaahidi kitanda kwa siku tatu, na mbao hata haijakauka. Mimi napima na kupima tena, yeye anasema nachelewesha pesa. Tutengane?*

Bado, fundi. Bila yeye ungekuwa na vitanda vizuri visivyo na mnunuzi. Bila wewe vingerudishwa vimepinda.

Semina nyingi hufundisha mafungu manne ya watu, fikra iliyotokana na Mmarekani William Marston aliyeandika mwaka 1928: wa kusukuma, wa kushawishi, wa kutulia na wa kufuata utaratibu. Mkitaka mjiite hivyo. Kwa karakana ya watu wawili naona kanuni moja inatosha: hakuna anayempa mteja tarehe peke yake. Yeye azungumze bei na apokee amana, wewe uangalie mbao na utaje siku. Na unapomlaumu, acha kusema "hujali kazi". Mwenye haraka huyaona maneno hayo kama mahubiri. Mwambie kitanda kilichorudi kiliwagharimu shilingi ngapi, na siku ngapi za kukitengeneza upya.

"Hawa ndivyo walivyo"

*Nasimamia kikosi cha vijana kumi na wanane katika shamba la maua Naivasha, wametoka kila pembe ya nchi. Wanaambiana kabila hili ni wakali, lile ni wavivu, wale wanapenda pesa. Nikiwakanya wanasema ni hulka tu, wewe si ulitufundisha watu wanatofautiana? Nijibu nini?*

Wajibu kwamba hiyo si hulka. Hulka ni ya mtu mmoja mmoja. Chukua ndugu waliolelewa nyumba moja, wakala sufuria moja: mmoja ni mpole, mwenziwe moto, wa tatu haambiliki. Ikiwa tumbo moja linatoa watu walio mbali hivyo, kabila zima la mamilioni litakuwaje na hulka moja? Tofauti zilizomo ndani ya jamii yoyote ni kubwa kupita zile za kati ya jamii na jamii.

Kinachotofautiana ni adabu ya mazungumzo, na hiyo hufunzwa nyumbani. Kuna kwao kubishana kwa sauti ya juu ni kumheshimu mwenzako, maana umemwona anafaa kujibiwa. Kuna kwao kupaza sauti ni tusi. Kuna anayekataa kwa kusema "tutaona", na kuna asiyejua kwamba "tutaona" ni kukataa. Haya yakielezwa mchana kweupe, watu hucheka na kuelewana.

Sikuandikii kwa wepesi. Januari 2008 nilikuwa hapa Nakuru, na unajua Naivasha ilipitia nini mwezi huo huo, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Maneno kama hayo ya vijana wako yalikuwa yametangulia kwa miaka, yakisemwa kama mzaha. Yapige marufuku kazini, bila kujali anayeyasema ni mchapakazi kiasi gani. Kisha waketishe, umuulize kila mmoja maswali mawili mbele ya wenzake: ukikasirika, tutajuaje? Ukikosea, unataka uambiwe hapo hapo au uitwe pembeni? Anza kujibu wewe. Wakishajuana kwa majibu hayo, watakuwa na la kusema juu ya mwenzao zaidi ya kabila lake.

Nani awe mweka hazina?

*Sisi ni vijana wa boda boda, Mumias. Tunataka mweka hazina. Tumchague mchangamfu au mpole?*

Kati ya sifa tano kuu ambazo wanasaikolojia hutumia leo (udadisi, uangalifu wa kazi, uchangamfu, wepesi wa kuelewana na watu, na wepesi wa wasiwasi), tazameni uangalifu. Mwaka 1991 watafiti wawili Wamarekani, Barrick na Mount, walikusanya tafiti nyingi wakaona ndiyo sifa iliyoambatana na utendaji mzuri katika kila aina ya kazi waliyoichunguza. Hamhitaji karatasi ya maswali. Nani hulipa mchango kabla ya kukumbushwa? Nani pikipiki yake hufanyiwa sevisi kwa wakati? Hata mkimpata, taarifa ya M-Pesa na ya benki isomwe kila mkutano.

"Niliumbwa hivi"

*Mwalimu, mimi ni mwalimu mwenzako Bungoma. Naibu wa mwalimu mkuu hutufokea mbele ya wanafunzi. Ukimwambia, anajibu: mimi niliumbwa hivi, hata baba yangu alikuwa hivi. Kweli hulka haibadiliki?*

Kwa baba yake hajakosea kabisa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za hulka kati ya watu inatokana na urithi. Nusu nyingine haitoki huko. Na tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba wengi, kadiri wanavyokua, huzidi kutulia na kujali wajibu.

Lakini mimi ningetazama jambo lililo karibu zaidi. Je, naibu wako humfokea afisa wa elimu akija kukagua shule? Humfokea mwenyekiti wa bodi? Kama siku hizo sauti yake hushuka, basi anaweza kuishusha.

Usimkabili katika chumba cha walimu, wala siku ile ile aliyokufokea. Nenda ofisini mwake baada ya vipindi, na mwenzako mmoja anayemheshimu. Usimwambie ana hasira, hilo analijua na ameshalitetea. Mtajie siku, darasa, na maneno aliyotamka, na kwamba watoto wa darasa la saba walikuwa wakisikiliza. Umweleze ilivyokuwa kurudi mbele yao kufundisha. Kisha ombi moja: nikikosea, niite ofisini, useme kwa sauti yoyote utakayo. Akiendelea, andikeni tarehe na mliokuwepo, mpeleke kwa mwalimu mkuu mkiwa zaidi ya mmoja, na mwakilishi wa chama cha walimu ajue.

Na siku atakayokuita pembeni kwa mara ya kwanza, mshukuru siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama atarudia.