Anacheza kutwa, mbona mkono haunyooki?

Mama mmoja ameniandikia wiki hii. Mwanawe wa miaka mitano alimwagikiwa maji ya moto mkono wa kulia, kidonda kimefunga miezi mitatu sasa, na mtoto anakimbia na wenzake kutwa nzima. Lakini kiwiko kinazidi kukunjika. "Mazoezi gani tena, na mtoto hatulii hata dakika moja?"

Swali hili linakuja mara nyingi, na jibu lake huwa haliwafurahishi wazazi. Mtoto hucheza kwa kiungo kinachomtii. Kiwiko kikianza kuvuta, mpira ataudaka kwa mkono wa kushoto na mlango ataufungua kwa kushoto. Anacheza kweli, ila mkono ulioungua umeachwa nje ya mchezo.

Kidonda cha kina kikishafunga, kazi haijaisha. Chini ya ngozi mpya kovu linaendelea kujikunyata kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa wengine hata miaka miwili. Maadamu bado ni gumu, limeinuka na linawasha, bado linavuta. Nalo huvuta kuelekea pale mtoto anapojisikia vizuri: kiwiko kimekunjwa, mkono umebanwa ubavuni, goti limepinda, kidevu kimeangukia kifuani. Ndiyo maana mto laini chini ya kichwa cha mtoto aliyeungua shingo ni wema unaomharibu. Hahitaji mto. Anahitaji taulo iliyokunjwa chini ya mabega, shingo ifunguke.

Mazoezi huanza hospitalini, siku za mwanzo kabisa. Ngozi ikipandikizwa, kiungo hutulizwa kwa siku chache, kwa kawaida hazizidi wiki, ili kipandikizi kishike. Baada ya hapo daktari wa upasuaji ndiye anayeruhusu kuanza tena. Shida ni kwamba nyumbani zile siku chache hugeuka wiki sita, kwa sababu mtoto akilia kila mtu anaacha. Wiki sita za huruma zinaweza kuishia kwenye upasuaji wa kuachanisha kovu.

Sasa tuje kwenye kiwiko chenyewe. Kama ameandikiwa dawa ya maumivu, mpe nusu saa hadi dakika 45 kabla, kwa kipimo kilichoandikwa. Paka kovu mafuta yasiyo na manukato, kisha likande kwa kidole gumba kwa duara ndogondogo, dakika 5 hadi 10. Ngozi ambayo bado inatoa malengelenge usiisugue. Ibonyeze tu, bila kutelezesha kidole.

Mketishe mgongo ukiegemea ukuta. Mkono wako mmoja ushike juu ya kiwiko, mwingine karibu na kifundo cha mkono, kiganja cha mtoto kikiangalia juu. Nyoosha polepole huku ukitazama kovu, usitazame uso wa mtoto. Litakaza, kisha litapauka. Pale linapopauka ndipo zoezi linapoanza. Ukiishia kabla ya hapo umemshika mkono tu. Tulia hapo sekunde 30, ukiweza fika dakika nzima, mhesabu pamoja kwa sauti ili ajue mwisho upo. Mara nyingi utahisi kovu likilegea kidogo chini ya vidole. Ongeza kiasi hicho hicho kidogo, tulia tena. Rudia mara tano, na vipindi vinne au vitano kwa siku. Vipindi vifupi vingi vinashinda saa nzima ya vilio jioni.

Usivute kwa kushtukiza. Kovu likipasuka linavimba, linauma, na kesho mtoto hatakuruhusu umguse. Kaufa kadogo juu juu kanasafishwa, kanafunikwa, mazoezi yanaendelea kwa upole. Ufa unaopanuka, unaotoa usaha au unaoandamana na homa ni wa kliniki. Na kiwiko kinachogota ghafla kama kimegonga mbao, kina maumivu ya ndani na kinapoteza unyookaji wiki hadi wiki, acha kukilazimisha. Huenda mfupa unaota mahali usipotakiwa. Hilo linataka eksirei, nguvu zako hazitasaidia.

Kosa lingine halionekani kwa urahisi. Kovu linalopita viungo zaidi ya kimoja, tuseme kutoka kwapani hadi kwenye kifundo cha mkono, hukopa nafasi. Ukinyoosha kiwiko huku bega likiwa limeshuka, kiwiko kitanyooka vizuri na utafurahi bure. Inua bega, nyoosha kiwiko, kunja kifundo nyuma, vyote kwa pamoja, ndipo utaona ukweli. Watoto nao ni mafundi wa kudanganya: ukimwambia ainue mkono juu, atapinda mgongo au ataegemea upande. Ukuta upo kwa ajili hiyo.

Usiku una saa tisa au kumi za kukunjika. Kama amepewa banzi la kulalia, yaani kifaa kigumu kinachokiweka kiungo kimenyooka, livaliwe, na litazamwe kila asubuhi kama limeacha alama nyekundu isiyotoweka. Vazi la kubana makovu huvaliwa takriban saa 23 kwa siku na linabaki mwilini hata wakati wa michezo. Hutolewa kwa kuoga na kwa kukanda na kunyoosha kovu.

Baada ya hapo, michezo. Mchezo uchaguliwe kwa kiungo: kwapa linataka kuning'inia kwenye bomba na kutundika vitu juu ya kichwa, kiwiko kinataka kutambaa kama dubu, viganja chini na mikono imenyooka, nyuma ya goti panataka kukaa miguu imenyooshwa na kugusa vidole. Funga mkono usioungua kwa kitambaa dakika kumi kama anaukwepa ule ulioungua. Mguu wenye kipandikizi kipya ufungwe bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu kabla hajasimama, la sivyo damu hujaa chini, mguu unakuwa wa zambarau na ngozi inatoa malengelenge. Kuogelea ni baada ya vidonda vyote kufunga, na klorini isafishwe mara moja, kisha mafuta.

Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili ana tatizo la ziada: mwili hula misuli yake wenyewe kwa miezi, na kunyoosha peke yake hakurudishi nguvu. Huko Galveston, Texas, Marekani, watoto wa miaka saba na kuendelea walioungua zaidi ya asilimia 40 ya mwili waliwekwa kwenye mpango wa wiki 12, siku tatu kwa wiki, wa kunyanyua uzito na kukimbia au kuendesha baiskeli chini ya usimamizi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Nguvu na misuli viliongezeka kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida peke yake. Kipimo cha uzito apange mtaalamu wa fiziotherapia. Wewe angalia mambo mawili. Ngozi iliyoungua kwa kina na iliyopandikizwa haitoi jasho ipasavyo, kwa hiyo acheze asubuhi au jioni, kivulini, anywe maji kila baada ya dakika 15 hadi 20. Akianza kulegea, kuumwa kichwa au kichefuchefu, msimamishe na mpoze kwa maji. La pili, kama anatumia propranolol, dawa inayopunguza kasi ya moyo, mapigo ya moyo hayatakuambia amechoka kiasi gani. Msemeshe. Akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, kasi inatosha.

Chora mstari ukutani pale vidole vyake vinapofika, mkono ukiwa juu na mgongo umegusa ukuta. Pima siku hiyo hiyo kila wiki. Mstari ukishuka wiki mbili mfululizo, nenda kliniki, usingoje tarehe. Na usiufute kovu likishatulia: mifupa hurefuka kwa kasi kuliko kovu, hivyo mkono ulionyooka akiwa na miaka mitano unaweza kuanza kuvuta tena akiwa na miaka kumi na miwili. Kila viatu vikimbana, mrudishe ukutani.