Supu ya mbavu? Shukia Wuhan, tena kwenye baridi

Wiki hii gazeti limeuliza: mtu akitaka kunywa supu ya mbavu za nguruwe ya Kichina, ile ya asili, aende wapi? Najua wengi watajibu Guangzhou, maana ndiko wafanyabiashara wetu wanakofuata mzigo na ndiyo China wanayoijua. Jibu langu mimi ni Wuhan, mkoa wa Hubei, kati ya mwezi wa kumi na moja na wa pili. Nje ya miezi hiyo utaipata, lakini utakuwa umeonjeshwa tu. Wasiotumia nguruwe watanivumilia kwa leo.

Nilisoma Wuhan, mji wa vyuo vingi ambao Watanzania na Wakenya wengi wamepita. Tangu 2020 ukiutaja, mtu anakurukia na habari za korona, na siwalaumu: mji ulifungwa tarehe 23 Januari mwaka huo, ukafunguliwa tarehe 8 Aprili, na wanafunzi wetu walikuwa ndani. Ila muulize mwenyeji wa Wuhan mji wake una nini. Kabla hajakutajia daraja wala mnara, atakutajia tambi za ufuta wanazokula asubuhi, halafu atakutajia paigu outang, yaani supu ya mbavu na mizizi ya yungiyungi.

Hubei ni mkoa wa maji. Wenyewe wanauita mkoa wa maziwa elfu. Mto Yangtze unaupasua mji katikati, mto Han unaingia hapo hapo, na ukitoka nje kidogo ni mabwawa kila upande. Katika tope la mabwawa hayo ndimo yungiyungi lao linamolala. Si hili letu la Ziwa Victoria, ingawa ukiyaona maua kwa mbali utadanganyika. La kwao lina mzizi mnene wenye vipingili, na ndani yake matundu yamepita toka mwanzo hadi mwisho. Msimu wa kuuchimba ndio huo huo wa baridi. Wachimbaji huingia bwawani na mavazi ya mpira yanayofika kifuani, wanapapasa topeni, na wanautoa mzizi ukiwa mzima, maana ukivunjika tope linajaa kwenye matundu na mnunuzi hautaki. Siku hizi wana pampu za kulegeza tope kwa maji, lakini kuinama kuko pale pale.

Huo mzizi ndio bwana wa supu. Mbavu zimekuja kuupa mafuta na utamu. Mgeni akiletewa bakuli anaanza kuwinda nyama, mwenyeji anageuza kipande cha mzizi kwanza. Na mizizi yenyewe ni ya aina mbili. Kuna mrefu, mweupe, laini wa ngozi, ambao ukiuuma unasikia kacha. Huo ni wa kukaanga haraka au kufanya kachumbari. Kuna mwingine mfupi, mnene, ngozi ya hudhurungi yenye madoa, umejaa wanga. Huo ndio wa supu. Sokoni watakwambia uhesabu matundu, kwamba wa kukaanga una tisa na wa supu una saba. Mimi nilikuwa naangalia ngozi na unene, na muuzaji akiona hununui ule mweupe kupita kiasi anakuheshimu kidogo. Ukipikwa vizuri ule wa wanga unakuwa kama muhogo mzuri wa kuchemsha, ule unaopasuka wenyewe sufuriani, isipokuwa huu una jambo la ziada: ukiuma, unatoa nyuzi nyembamba za hariri zinazovutika toka mdomoni hadi kwenye bakuli. Zinanasa kidevuni. Hakuna namna ya kula kwa heshima, na mezani hakuna anayekutazama.

Upishi wake hauna siri nyingi. Mbavu zinachemshwa kwanza, povu linamwagwa. Wengine wanazikaanga kidogo na tangawizi. Mzizi unamenywa na kukatwa vipande vikubwa vya mshazari, si vijisahani vyembamba unavyoviona kwenye picha. Vyote vinaingia kwenye chungu cha udongo, cheusi, chenye tumbo nene, na moto unashushwa kabisa. Saa mbili, tatu. Chungu cha chuma hakitakiwi, kwa kuwa mzizi huo ukikutana na chuma unageuka mweusi na supu inaonekana kama maji ya kuoshea vyombo. Chungu kipya nacho hakianzi na supu. Kinapikiwa uji wa wali kwanza ili wanga uzibe vitundu vya udongo. Viungo ni tangawizi, chumvi, majani ya vitunguu mwishoni, na pilipili manga nyeupe. Sosi ya soya haimo. Na watu wa Hubei kwa pilipili kali ni hodari, lakini hapa hawaitii.

Rangi ndiyo itakayokuambia kama umepata yenyewe. Inakuwa na uzambarau hafifu unaoelekea waridi, na ni nzito kidogo kwa wanga ulioyeyuka. Ikiwa nyeupe angavu kama maji na mafuta yanaelea juu peke yake, mbavu zimepikwa kivyake na mzizi umetupiwa dakika za mwisho. Mama mmoja niliyekuwa nakula kwake, nyuma ya chuo, alikuwa hapimi muda wala haonji. Alishika kijiti kimoja cha kulia na kukisimamisha juu ya kipande cha mzizi. Kikizama kwa uzito wake mwenyewe, anazima. Kikihitaji kusukumwa, anakufunikia chungu, na wewe utasubiri, uwe na darasa usiwe nalo.

Kwa nini baridi? Kuna sababu ya shambani, mzizi wa majira hayo umekwisha kujaza wanga wake. Ila kuna sababu nyingine ambayo huwezi kuijua mpaka ulale huko. China imegawanywa na mstari unaofuata milima ya Qinling na mto Huai: kaskazini yake serikali za miji zinapasha nyumba joto kwa mabomba, kusini yake kila mtu na blanketi lake. Wuhan iko kusini. Theluji inaweza kuanguka nje na ndani ya nyumba ukaona pumzi yako. Beijing wana baridi kali zaidi kwenye kipimajoto, lakini wanakaa sebuleni na fulana. Sasa weka katika nyumba ya Wuhan jiko la makaa ya mawe, yale yaliyofinyangwa duara yenye matundu, na chungu juu yake toka asubuhi. Zamani majiko hayo yalikaa vichochoroni mbele ya milango, na harufu ilikwambia nani ana wageni. Wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina mgeni akiingia anapewa bakuli kwanza, mazungumzo baadaye. Makaa yamepungua sana mjini kwa sababu ya moshi, gesi imeshika nafasi, na wazee wanalalamika kwamba supu ya gesi ina haraka. Sijui wanaionaje haraka, ila nimekaa nao na sikubisha.

Basi mahali penyewe. Supu bora kabisa iko nyumbani kwa mtu, na kama una mwenzako wa darasani au wa biashara ambaye wazazi wake wako Wuhan, usikatae mwaliko wa mwezi wa kwanza. Usipokuwa naye, mji una mgahawa wenye jina kubwa la supu, Xiaotaoyuan, upande wa Hankou, ulioanza miaka ya 1940. Umaarufu wake hasa ni supu ya kuku ya chunguni. Ya mbavu pia utaikuta, na kwa mgeni wa siku moja si pabaya kuanzia. Hubu Alley, kile kichochoro cha vyakula cha Wuchang karibu na Mnara wa Korongo wa Manjano, kipite kwa picha. Pale kila kitu kinapikwa kwa kasi ya watalii, na supu hii haina kasi.

Ninakokutuma mimi ni kwenye vile viduka vya supu vilivyo pembeni ya masoko ya mboga, katika mitaa ya watu wanaoishi, si ya maduka makubwa. Tafuta penye vyungu vinavyoonekana kutoka mlangoni. Fika mapema mchana, kwa sababu kikiisha kimeisha. Wakianza kuongeza maji kwenye chungu kile kile, ondoka. Kama lugha inakushinda, onyesha maandishi haya kwenye simu: 排骨藕汤. Ukitaka waone unajua unachofuata, uliza “ou fen ma?”, yaani mzizi ni wa wanga? Mwenye duka atacheka, halafu atakuchotea kutoka chini. Kulipa ni kwa simu; Alipay na WeChat siku hizi zinapokea kadi za benki za nje, lakini ziunganishe kabla hujaondoka nyumbani, usije ukahangaikia intaneti mbele ya foleni.

Mwenye siku ya ziada aende Caidian, wilaya ya magharibi ya mji huo huo, ambayo mizizi yake ina jina China nzima. Treni ya chini ya ardhi, laini ya 4, inafika. Huko unaona mabwawa, unaona mizizi ikiwa bado na tope (tope hulinda usikauke, usidhani ni uchafu), na migahawa ya kawaida inapika kilichochimbwa karibu. Sikuwahi kula pabaya Caidian wakati wa baridi.

Sasa nirudi kwa watu wa Guangzhou, wasije wakaona nimewadharau. Kutoka huko hadi Wuhan treni ya kasi ni kama saa nne, na njia hiyo ilifunguliwa 2009, kwa hiyo udhuru ni mdogo. Lakini kama mzigo haukuachii, Guangzhou nako wana supu zao za moto wa polepole, na pengine ndio watu wa China wanaoisumbukia supu kuliko wote. Usiitafute Xiaobei, mtaa uliozoeleka na Waafrika, kwa kuwa migahawa mingi ya pale ni ya Waislamu na ukiuliza nguruwe utawaudhi bure. Toka hapo, ingia mgahawa wowote wa Kikantoni wenye wazee wengi, uulize supu ya siku. Supu inakuja kabla ya chakula, na nyama na mboga zilizochemkia ndani zinaweza kuletwa kwenye sahani ya pembeni, maana kwao utamu umekwisha kuhamia kwenye maji. Watu wa pwani nawaambia hivi: kuna moja wanayopika kwa mbavu, mizizi ya yungiyungi na pweza mkavu. Ndiyo, pweza. Nilipoiona kwenye orodha nilidhani mtafsiri amelewa. Pweza anaitia supu harufu ya bahari na chumvi ya taratibu, na mtu wa Unguja au Lamu anayetumia nguruwe, kama yupo anayesoma hapa, ataelewa kabla yangu.

Nanchang, mkoa wa Jiangxi, wana mtungi mkubwa wa udongo unaokaribia kimo cha mtu, ndani yake vyungu vidogo vimepangwa ngazi kwa ngazi kuzunguka makaa, kila kimoja na supu yake na kifuniko chake. Ni tamasha kutazama, na bei yake ni rafiki kwa mwanafunzi. Bakuli ni dogo. Kunywa mbili.

Klang, mji wa Malaysia, na Singapore nazitaja kwa sababu kuna mtu lazima ataandika kunipinga. Bak kut teh ni supu ya mbavu ya Wachina waliohamia kusini kutoka Fujian na Chaozhou. Ya Klang ni nyeusi ya dawa za mitishamba, ya Singapore inayojulikana zaidi ni nyepesi, imejaa pilipili manga na vitunguu saumu vizima. Malaysia mwaka 2024 imeiingiza katika vyakula vya urithi wa taifa, na wengine huko wakanung'unika kwa kuwa ni nguruwe. Nzuri sana. Lakini swali lilisema Kichina cha asili, na hiyo imekwisha kuwa ya Malaysia.

Hapa nyumbani je? Migahawa ya Kichina ya Masaki, na ile ya Kilimani kule Nairobi, inaweza kukupikia supu ya mbavu ukiiomba. Nawashauri muombe ya mahindi na karoti au ya figili, kwa sababu mizizi ya yungiyungi niliyoletewa Dar ilikuwa imesafiri kwenye mifuko, na ilikuwa ile ya kacha. Afadhali upike mwenyewe. Nunua mbavu pale unaponunulia kitimoto chako, mwambie akukatie fupi fupi kabla hajazitupa kwenye mafuta. Badala ya yungiyungi tumia magimbi. Na hilo si la kubahatisha, Wachina wenyewe wanapika mbavu kwa magimbi. Chemsha mbavu, mwaga povu, rudisha na tangawizi iliyopondwa, weka kwenye jiko la mkaa lililofifia kwa saa moja na nusu, kisha tia magimbi kwa nusu saa ya mwisho yasije yakayeyuka yote. Chumvi, pilipili manga, majani ya vitunguu. Ndimu iache kando mpaka kesho asubuhi, kwenye supu ya makongoro.