Kabla hujaandika kwamba doria imefaulu

Ukipewa kazi ya kutathmini doria katika maeneo sugu ya uhalifu, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni grafu inayoshuka. Usishangilie. Maeneo hayo yalichaguliwa wakati matukio yamepanda kupita kawaida, kwa hiyo mengi yangeshuka kidogo hata askari wangebaki kituoni. Tafuta maeneo mengine ya hali ileile yasiyoongezewa doria, na ikiwezekana kura ya bahati nasibu ndiyo iamue askari waende wapi, si mkuu wa kituo. (Atanung'unika. Mvumilie.) Minneapolis, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, maeneo 110 yaligawanywa hivyo, nusu kwa nusu. Philadelphia, hukohuko Marekani, mwaka 2009 askari wa miguu walipelekwa maeneo 60, yakalinganishwa na mengine 60. Uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa pungufu kwa takriban asilimia 23.

Halafu uliza kama doria ilifanyika kweli. Ratiba ni karatasi tu. Omba kumbukumbu za GPS za magari, uhesabu dakika ndani ya mipaka ya kila eneo. Utakuta gari limeandikwa "limefika" kumbe lilipita tu, alama mbili kwenye ramani na basi. Takwimu za Minneapolis zilionyesha kusimama dakika 10 hadi 15 kwenye eneo ndiko kwenye faida. Zaidi ya hapo inapungua. Kwa hiyo jumla ya saa kwa siku haikwambii mengi: saa tatu mfululizo si sawa na robo saa mara kumi na mbili.

Tenganisha pia matukio yanayoripotiwa na raia na yale yanayogunduliwa na askari wenyewe, kama dawa za kulevya. Askari wakiongezeka, haya ya pili hupanda bila uhalifu kuongezeka.

Kuhusu uhalifu kuhamia jirani, pima mtaa mmoja au miwili pembeni, ila usiufanye ukanda huo kuwa kundi la kulinganishia. Ukanda wenyewe umeshaguswa na doria. Tafiti nyingi hazikuti uhamaji mkubwa, na wakati mwingine mitaa jirani nayo hutulia. Lakini jaribio la Bogotá, Kolombia, la mwaka 2016 lilitoa dalili kwamba uhalifu wa mali ulisogea mitaa ya karibu.

Barua yako ya kwanza ya kuomba takwimu ijumuishe miezi baada ya doria kuondolewa. Philadelphia nafuu ilififia askari walipoondoka, na ukiomba baadaye, mradi utakuwa umefungwa.