Moto wetu au moto yetu?

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa moto, yaani pikipiki, hapa Birere, Goma. Vijana wangu wanachomelea bodi ya bati juu ya moto, ndefu na ya mviringo, ili upepo usiikamate. Wameona picha za zile za Marekani zinazokimbia kwenye chumvi. Mmoja aliandika ubaoni "Moto wetu utapiga rekodi". Mwenzake akafuta "wetu", akaweka "yetu". Nani yuko sawa?

JIBU: Aliyefuta, ila aliacha kufuta mapema mno.

Moto unaowaka uko ngeli ya U-I: moto wetu, unawaka. Moto ya motari, yule dereva wa pikipiki, tumeitoa kwenye Kifaransa, ikaingia I-ZI pamoja na baiskeli na redio: moto yetu, moto zetu, inanguruma. Mitaani Goma "ya" tunaipachika kila mahali, hata kwa moto wa jikoni, na hakuna anayepotea. Kwenye maandishi ni tofauti. "Moto yetu imeshika moto" inaeleweka mara moja. "Moto wetu umeshika moto" ni kichekesho. Mkitaka kusomwa hadi Mombasa, andikeni pikipiki. (Tukutuku nalipenda zaidi, lakini hilo ni langu.)

Basi na "utapiga" liwe "ita-", na "kupiga rekodi" lenyewe liondoke. Hicho ni Kifaransa kilichovaa kitenge. Kwa Kiswahili rekodi huvunjwa au huwekwa. Unavunja ya mwenzako, unaweka yako. Tarehe 25 Septemba 2010, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah, Rocky Robinson aliendesha Ack Attack, chombo chenye injini mbili za Suzuki Hayabusa. Alivunja rekodi ya Chris Carr ya mwaka 2009, kilomita 591 kwa saa, akaweka ya kilomita 605. Vijana wako wanataka kuvunja ya nani? Kama hapo mjini hakuna aliyewahi kupimwa, waandike "Moto yetu itaweka rekodi".

Kuhusu "upepo usiikamate": gerejini semeni hivyo hivyo, lakini kinachoizuia moto ni hewa. Hata siku ambayo jani halitikisiki, hewa ipo, na mwendo ukizidi mara mbili ukinzani wake unazidi mara nne. Ndiyo maana dereva wa Ack Attack hulala chali ndani ya bodi. Akiketi wima kama motari wa Birere, kifua chake peke yake kingemeza nguvu nyingi za injini.

Upepo wenyewe una kesi yake. Unaweza kukusukuma mgongoni ukadhani injini ndiyo yenye nguvu. Kwa hiyo lazima uende na urudi kwenye njia ileile, ndani ya muda uliowekwa, halafu wastani wa safari hizo mbili ndio unaohesabiwa. Hapo kitenzi cha tatu kinahitajika: kufikia. Moto ikienda mara moja tu, hata ikiruka namna gani, andikeni "imefikia kilomita kadhaa kwa saa". Injini ikifia mwisho wa njia kabla ya kurudi, itabaki "ilifikia", na rekodi ya zamani bado ni ya mwenyewe.