Gari likichemsha, anza na dereva

Nilipoingia gereji, dawa yangu ya gari linalochemsha ilikuwa moja: kung'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi aliyenilea alifanya hivyo, na aliyemlea yeye naye vilevile. Mteja anaondoka anashukuru, baada ya wiki mbili anarudi anavutwa kwa kamba. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwenye baadhi ya injini thamostati ikifunguka huwa pia inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitupa, njia ile inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Umeongeza joto huku ukidhani umelipunguza.

Kama unaishuku, itoe uipime. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi za magari madogo ya Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kwa hiyo maji yakichemka nayo bado imefumba, imekufa. Weka nyingine.

Lakini kabla ya spana yoyote, muulize dereva: linachemsha ukiwa wapi? Akisema kwenye foleni, na akishaanza kukimbia mshale wa joto unashuka, mkabe feni kwanza. Angalia fyuzi, rilei, mota, na kama ni feni ya klachi, ile inayozungushwa na injini yenyewe, klachi yake. Akisema foleni halina shida ila akipandisha mlima mkali kama Kitonga na mzigo mshale unapanda, shaka iende kwenye rejeta iliyoziba, pampu ya maji, au mpira wa chini wa rejeta unaojikunja ndani pampu inapovuta. Akisema asubuhi, dakika chache tu baada ya kuwasha, hapo fikiria thamostati iliyoganda, maji kidogo, au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Kuna Noah ilinidhalilisha. Ilichemsha foleni tu, feni naiona inazunguka vizuri kabisa, nikaiondoa kwenye hesabu. Nikabadilisha rejeta, kisha pampu, yote kwa pesa ya mteja. Siku ya tatu kijana wa gereji akapeperusha karatasi mbele ya rejeta, ikarushwa nje badala ya kunata. Aliyefunga mota ya feni kabla yetu alikuwa amegeuza waya, feni inasukuma upepo kwenda mbele! Pesa ya ile pampu nilimrudishia mteja. Tangu siku hiyo karatasi ndiyo kipimo changu cha kwanza cha feni.

Mfuniko wa rejeta vijana wengi wanaudharau. Ule wenye alama 0.9 unabana presha kiasi kwamba maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira wake ukikatika, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye tanki la akiba, nawe unahangaika kutafuta tundu ambalo halipo. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, hata mteja akikuharakisha vipi. Nimeona uso wa mtu ulivyobabuka.

Maji yakipungua bila tone chini, anza kuogopa gasketi. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, tazama: mapovu yasiyokoma hata baada ya upepo kutoka ni dalili mbaya. Mipira kuwa migumu mara tu baada ya kuwasha, moshi mweupe usioisha, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, vyote vinakupeleka kwenye hedi. Ukiishusha, usibadilishe gasketi peke yake. Iwekee rula iliyonyooka, na kama imepinda ipeleke ikasawazishwe, la sivyo gasketi mpya itaungua kama ya zamani.

Ukijaza, tumia kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya visima vya chumvi, ambayo Dar tunayo mengi, yanaila alumini na kuacha magamba kwenye mirija. Washa hita ya gari kwenye moto wa juu na uache injini izunguke mpaka upepo utoke wote.

Usimkabidhi mteja ufunguo jioni ileile. Lizungushe kwenye foleni, lirudishe, lilale. Asubuhi fungua mfuniko, uone kama maji yako pale ulipoyaacha.